Mnakimbilia Barafu, Mnaruka Chakula

Kuna watu ukiwawekea Titanic wana swali moja tu: meli inazama saa ngapi? Watu hao ninaishi nao. Umeme nalipa mimi, king'amuzi nimenunua mimi, kochi limebonyea kwa uzito wangu mimi, lakini filamu ikianza mwenye mamlaka ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kwa sababu ndiye mwenye vidole vyepesi kwenye rimoti. James Cameron alitengeneza filamu ya zaidi ya saa tatu mwaka 1997, akazoa Oscar 11, na mwamba wa barafu akauweka baada ya saa moja na nusu na ushee. Kwa shemeji, hiyo saa moja na nusu ya mwanzo ni matangazo ya biashara. Anaipeleka mbele.

Na akipeleka mbele anaruka nini? Anaruka chakula cha jioni. Hapo ndipo anaponimaliza kabisa.

"Pale si wanakula tu, shemeji," ananiambia.

Wanakula tu! Jamani, nani kati yenu amewahi kukaa meza moja na wakwe akala tu?

Tuwekane sawa kwanza. Jack Dawson ni kijana asiye na mbele wala nyuma. Tiketi yake ya daraja la tatu ameipata kwa kamari, dakika chache kabla meli haijang'oa nanga. Usiku uliotangulia chakula hicho amemkuta Rose, binti wa daraja la kwanza, nyuma ya meli amevuka reli, anataka kujitupa baharini, akamuokoa. Mchumba wa Rose ni Cal Hockley, mtoto wa tajiri wa chuma cha Pittsburgh, na shukrani yake ya kwanza ni kutaka kijana apewe dola 20. Rose anamkata jicho: kumbe bei yangu ndiyo hiyo? Cal anageuza maneno haraka, anamwalika Jack aje kula nao kesho yake daraja la kwanza. Shemeji anasema ule ulikuwa uungwana. Uungwana gani? Tazama tabasamu la Billy Zane, anayemwigiza Cal, limeishia kwenye meno, machoni halikufika. Kuna watu hukualika ule, na kuna watu hukualika wakuone unavyokula. Ni mialiko miwili tofauti, ingawa wali unaweza kuwa mmoja.

Jack angeingia mle na nguo zake, mchezo ungeishia mlangoni. Anayemuokoa ni Molly Brown, mama wa fedha mpya, ambaye mumewe alipata mali kwenye migodi ya Colorado. Anamwazima suti ya mwanawe. Sasa tazama ngazi kuu, mahali ambapo shemeji tayari ameshabonyeza kitufe. Jack amesimama chini anawaigiza matajiri, mkono mmoja mgongoni. Cal anashuka na mama mkwe wake mtarajiwa, anampita, anampa ishara ya kichwa kwa heshima zote. Hakumtambua! Jana alikuwa takataka ya dola 20, leo ni bwana mkubwa, na kilichobadilika ni kitambaa. Rose anaposhuka na kumtambulisha ndipo Cal anashtuka, halafu anamsifia kwamba anakaribia kufanana na muungwana. Anakaribia! Neno moja hilo, amelichomeka kwenye sifa mtu asione damu.

Kisha Rose anamshika Jack mkono, wanatembea taratibu, na anachomnong'oneza ni umbea mtupu. Yule pale ni John Jacob Astor, tajiri kuliko wote melini, na yule binti aliye naye ni mkewe, ana umri kama wangu na ni mjamzito, watu wanasema. Yule ni Guggenheim, na huyo aliye naye siye mkewe, mkewe yuko nyumbani na watoto. Na hao walikuwa watu wa kweli, waliosafiri kweli, wenye mambo hayohayo. Astor alikuwa na miaka 47, bibi harusi wake 18. Umbea wa 1912 umehifadhiwa vizuri kuliko nyaraka nyingi za serikali.

Halafu linakuja swali ambalo likiulizwa mimi huwa nakaa wima kwenye kochi. Astor, kwa upole kabisa, anamuuliza Jack kama yeye ni wa akina Dawson wa Boston. Wewe ni wa akina nani? Swali hilo ukiulizwa na mzee anayekupa mkono laini, jua kuna mzani umetolewa kabatini. Jack anajibu bila kupepesa: hapana, sisi ni akina Dawson wa Chippewa Falls. Yaani mji mdogo wa huko Wisconsin. Ni sawa na kuulizwa kama wewe ni wa ukoo wa masultani ukajibu hapana mzee, sisi ni wale wa nyuma ya mashine ya kusaga. Astor anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kusikia. Hakuwahi kusikia.

Sasa wanakaa mezani, na hapa nawaomba watu wa nyumba hii wanyamaze dakika saba tu, nami hawanipi.

Hesabu siri zilizoko kwenye meza ile. Rose jana alitaka kujiua, mchumba wake ameambiwa aliteleza akichungulia pangaboi za meli. Jack anaujua ukweli na ameufunika. Mlinzi wa Cal, yule Lovejoy mwenye uso wa mchimba kaburi, aliuliza tangu jana: kama binti aliteleza ghafla, wewe ulipata wapi muda wa kuvua koti na viatu? Ruth, mama yake Rose, ana siri nzito kuliko zote: fedha zimekwisha. Marehemu mumewe amewaachia jina kubwa na madeni, na ndoa na Cal ndiyo mpango wa kulipa hayo madeni. Thomas Andrews, aliyeibuni meli, anajua kuwa mashua za kuokolea hazitoshi. Zilikuwa 20, zenye nafasi 1,178, na ndani ya meli mlikuwa na watu 2,200 hivi. Yote hayo yamekaa chini ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na juu yake watu wanaomba siagi.

Mtu pekee asiye na siri ni Molly Brown, ndiyo maana ndiye pekee anayekula kwa raha.

Wa kwanza kurusha ni Ruth. Anauliza, kwa sauti ya mtu anayejali sana hali za wengine, makazi ya daraja la tatu yakoje, maana amesikia kwenye meli hii si mabaya. Hakutaka habari za makazi huyo. Alitaka mezani wote wajue kijana ametoka wapi kabla supu haijapoa. Nimeishi na mafundi wa vijembe maisha yangu yote, nimesoma kanga za kila aina migongoni mwa wanawake wa mtaa wangu, lakini anachokifanya pale Frances Fisher, anayemwigiza Ruth, kwa nyusi tu kinastahili darasa. Jack anamjibu kuwa ni mazuri kuliko yote aliyowahi kuona, panya wachache. Meza inacheka. Kosa la Ruth ni hilo, alirusha kijembe kwa mtu asiyeona aibu. Kijembe kinahitaji mahali pa kuchoma. Mtu akishakiri umaskini wake huku anacheka, umebaki na mpini mkononi.

Vinakuja vijiko. Mbele ya Jack kuna silaha za chuma za kila umbo, anamnong'oneza Molly: vyote hivi ni vyangu? Anaelekezwa aanzie vya nje aelekee ndani. Likaja lile dagaa la kitajiri, mayai ya samaki, mhudumu akauliza analipenda vipi. Jack anasema asante, hajawahi kulipenda sana. Hajawahi kulipenda! Hajawahi hata kuliona! Lakini ameikataa sahani kama mtu aliyeizoea tangu utoto, na Ruth akazidi kubana midomo.

Hakutulia. Unaishi wapi hasa, Bwana Dawson? Anwani yake kwa sasa ni meli hii, anasema, baada ya hapo ni majaliwa. Na fedha za kusafiri unapata wapi? Kazi za hapa na pale, na tiketi hii nimeshinda kwenye karata. Na maisha hayo ya kutangatanga unaona yanafaa? Maswali matatu, kila moja limevaa glavu. Ukiyatazama vizuri si ya Jack. Ruth anaongea na Rose. Anamwambia binti yake mbele ya watu wote: unamsikia? Hana nyumba, hana kazi, hana mji. Ndicho unachokichekea hicho? Na Rose naye anajua anaongeleshwa yeye, ndiyo maana akajibu kwa glasi. Jack anapomaliza maelezo yake kwamba kila siku ni zawadi na mtu aifanye iwe na maana, Rose ndiye anayenyanyua kinywaji wa kwanza, na wakubwa wote wakalazimika kufuata. Ruth amenyanyua glasi na kumnywea afya mtu anayetaka kumwona anazama. Nani amemshika mwenzake koo pale? Nionyesheni pigano la ngumi la Rambo lenye kipigo kama hicho.

Kuna kitu kidogo zaidi ambacho sijawahi kumpata mtu wa nyumba hii akakiona. Katikati ya maelezo yake Jack anamrushia kiberiti Cal anayetaka kuwasha sigara, na anamwambia shika, Cal. Hakusema Bwana Hockley, alisema Cal! Mtu aliyekuja na suti ya kuazima anamwita tajiri kwa jina la kitandani, na kiberiti kinaruka juu ya vyombo vya fedha. Cal anakidaka. Angefanya nini? Kukiacha kidondoke ni kukubali kwamba ameumia. Mimi hapo husimamisha filamu niwaeleze, na hapo ndipo mke wangu hukumbuka ana nguo kwenye kamba.

Shemeji anabisha. "Kama wana ugomvi, si wapigane?" Huyu amekulia kwenye filamu ambazo stelingi akikasirika nyumba tatu zinaungua. Anaamini stelingi hafi, na hajamsamehe Cameron mpaka leo. Jioni nzima anaweza kubishana kuhusu ule ubao aliolalia Rose majini, kwamba ulikuwa na nafasi ya watu wawili. Wala hayuko peke yake. Kelele za dunia nzima zilimshinda Cameron mwenyewe, mwaka 2023 akaonekana kwenye kipindi cha National Geographic akiwalaza watu wawili kwenye mfano wa ubao ndani ya maji ya baridi, wapime kama Jack angepona. Gharama zote zile! Na meza ya chakula, ambayo hasa ndiyo iliyomzamisha, hakuna aliyeipeleka maabara.

Nadhani lawama nyingine ni za kibanda umiza. Enzi zile filamu zikitafsiriwa kwa sauti na akina Lufufu huku kwetu, kama DJ Afro anavyofanya kwa wenzetu wa Kenya, hakukuwa na kitu cha kufichika. Mtafsiri akishika kipaza sauti, kila kilicho moyoni mwa mtu kinatolewa nje kikaanikwa juani. Yule wa kibanda cha mtaani kwetu alimfanya Ruth aseme, "Wewe kijana huna hata godoro, mwanangu humpati ng'o!" na Jack akamjibu, "Mama mkwe, godoro tutanunua!" Watu wakapiga makofi, benchi likavunjika. Kinachoniuma ni kwamba tafsiri ilikuwa sahihi. Hakukosea hata kidogo. Ndiyo hasa walichokuwa wanaambiana. Lakini utamu wote wa mahali pale ni kwamba hawakukisema, waliomba chumvi.

Na si chakula hicho kimoja. Kabla ya hapo kuna cha mchana, ambacho shemeji pia hukiruka, Mungu amsamehe. Rose anawasha sigara, mama yake analalamika, Cal anaichomoa kwenye vidole vyake na kuizima. Mhudumu anafika, Cal anaagiza kwa niaba ya wote wawili: nyama ya kondoo, isiive sana, mchuzi wa mnanaa kidogo. Hakumuuliza binti anataka nini. Baada ya kuagiza ndipo anamuuliza kama anapenda kondoo. Molly Brown anamuuliza Cal kama na kuikata nyama atamkatia. Kila mtu anatabasamu. Rose naye, kwa hasira, analipiza kwa bwana mwingine kabisa, Ismay, mkubwa wa kampuni ya meli anayejisifia ukubwa wa chombo chake: anamuuliza kama anamfahamu Daktari Freud, mwenye mawazo kuhusu wanaume na habari za ukubwa. Ismay anauliza kama huyo Freud ni abiria. Mke wangu alipoelewa hapo alicheka hadi akashika ukuta, na alicheka huku ananitazama mimi, jambo ambalo sikulipenda.

Sikukuu iliyopita nikasema liwalo na liwe. Rimoti niliikalia. Sebuleni tulikuwa wengi: mama mkwe amekuja kututembelea, na shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu baba mkwe, naye amekuja siku hiyohiyo, kila mmoja bila kujua kuwa mwenzake anakuja. Wanaitana wifi. Wanaitana wifi kwa sauti tamu sana, tamu kiasi kwamba watoto husogea mbali.

"Wifi, umenenepa, maisha yamekupenda," alianza mama mkwe.

"Ni moyo mweupe tu, wifi," shangazi akajibu, "wenzetu wenye mawazo mengi ndio mnakonda."

"Onja chapati, nimezipika mwenyewe."

"Nimeona. Nimeona kabisa kuwa umezipika mwenyewe."

Filamu ikafika mezani. Sikuamini: kimya. Wale wamama wawili, ambao hawana hamu na meli wala barafu, waliinama mbele kama watu wanaotazama fainali. Ruth alipouliza habari za daraja la tatu, mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, kichwa cha fundi anayemtazama fundi mwenzake. Kiberiti kiliporushwa, shangazi aligonga paja lake akasema, "Haya! Dawa hiyo!" Nilitaka kulia. Miaka yote hii natafuta watu wa kutazama nao, kumbe nilikuwa nimewaoa.

Mtoto wangu wa darasa la tano, ambaye huuliza maswali wakati usiofaa, akauliza adui ni nani hapo.

"Cal," akasema shemeji, bila kufumbua macho.

Mimi nilikuwa na jibu la Ruth mdomoni. Nilitazama waliokaa, nikalimeza.

"Adui ni huyo mama mwenye kofia," akasema mama mkwe. "Anayechekacheka."

"Molly Brown?" nikashangaa. "Mama, yule ndiye mwema wao!"

"Nani alimwazima kijana suti? Angekuja na nguo zake, wenye mji wangemwona alivyo, wakamwambia karibu siku nyingine. Binti angeolewa kwa heshima, mama angelipa madeni yake, hakuna mtu angepata shida. Watu wa kuazimisha nguo ndio wanaoharibu nyumba za wenzao." Akavuta kikombe. "Simsemi mtu. Nasema filamu."

Msomaji hajui, maana sijamwambia, lakini sebule nzima ilijua. Siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni nilikuwa napanga chumba kimoja na kijana mwenzangu na sikuwa na koti. Koti nilipewa na shangazi. Lilikuwa la marehemu mumewe, la kijivu, lenye vifungo vya dhahabu dhahabu, na lilinifanya nionekane mtu wa benki.

Shangazi hakuonekana kukasirika. Alichukua muda wake, akafuta vidole kimoja kimoja kwa leso.

"Lakini lilimkaa, wifi. Si ulimpa kiti cha mwenye nyumba kabla hujauliza hata jina?"

Mke wangu akakumbuka nguo kwenye kamba. Shemeji akaamka kabisa. Mama mkwe akatabasamu, tabasamu pana la kumkaribisha mgeni, akamsogezea sahani.

"Kweli kabisa, wifi yangu. Hebu ongeza chapati."

Kwenye sahani hakukuwa na chapati. Zilikwisha kabla hata meli haijaondoka Southampton, na ya mwisho alikula shangazi.